Mtu Aliyeniuliza Nililala Saa Ngapi

Kendi wangu,

Umeenda kumuaga Shangazi Nkatha, na ninavyomjua hatakuachilia kabla hujala mukimo sahani ya pili. Baba yako yuko zizini na yule ndama. Nyumba imetulia, jua bado liko juu ya miti, nami nimekaa mezani na kalamu kama mtoto wa shule.

Mambo ya blanketi na gesi, na mtu wa kumfungulia mlango na wa kutomfungulia, nimeyasema mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Hayo tuyaache. Nataka kujibu swali uliloliuliza juzi tukinywa chai.

Ulikuwa unatuonyesha kwenye simu watu wa nchi moja ya mbali, nchi tajiri, yenye barabara za lami mpaka mashambani. Walikuwa wamejaa uwanjani, wengine wanalia kwa furaha, wakimshangilia mtu aliyekuwa akipaaza sauti kwamba wamedanganywa, kwamba wakubwa wote ni kitu kimoja, kwamba yeye peke yake ndiye anayewasemea. Ukacheka. Ukasema, “Lakini Mum, mtu mwenye akili zake anawezaje kumwamini huyu?” Baba yako akaangalia ndani ya kikombe chake. Mimi nikainuka nikaenda kumwangalia ng’ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Mimi nimewahi kuwa mmoja wao, Kendi. Ulikuwa bwenini wakati huo, na uliporudi likizo tulikuambia tu kwamba baba yako ameacha ukatibu wa mradi wa maji. Hatukukuambia aliachaje, wala mama yako alikuwa upande gani. Sasa unakwenda Embu kukaa kwenye meza ya ofisi ya umma, mahali ambapo wananchi watakuletea shida zao. Ni vizuri ujue.

Ulipozaliwa hapakuwa na mfereji hata mmoja wa maji ya bomba upande wetu huu wa Kiirua. Maji yaliletwa na punda, na asiye na punda aliyaleta kwa mgongo. Kisha watu wakaamua kuchimba. Tulichimba mtaro kutoka ukingoni mwa msitu mpaka huku chini kwenye mashamba ya viazi, wanaume kwa wanawake, wewe ukiwa umefungwa mgongoni mwangu. Baba yako alichaguliwa katibu kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri na hakuwa mlevi. Siku maji yalipofika, paipu ilianza kwa kukohoa hewa, ikakohoa tena, halafu ikanyamaza, na sote tukanyamaza nayo. Yalipotoka, shosho yako, mama yake baba yako, alivua viatu akakaa chini akaosha miguu yake pale pale. Akasema, “Sijawahi kuosha miguu yote miwili kwa maji ambayo sikuyabeba.” Hakuna aliyecheka. Wanaume wazima walikuwa wanajipangusa macho kwa mikono yenye udongo.

Miaka ile mikutano ilikuwa kwenye uwanja wa kanisa baada ya ibada. Ilikuwa kelele tupu. Kila mtu alisema, wengine walisema mara tatu, na ilipoisha ulijua kila kitu hadi ni nani amelala na njaa. Baadaye mradi ukakua. Ikajengwa ofisi. Wakaja wahandisi kutoka nje, wakaja na karatasi za Kiingereza. Mkutano ukawa wa wajumbe, halafu ukawa wa mara moja kwa mwaka, halafu ukawa tangazo lililobandikwa mlangoni. Hakuna aliyeiba, Kendi. Hilo lishike sana. Nimeishi na baba yako, na najua hakuna aliyeiba. Mfereji wetu sisi wenyewe ulikuwa ukikauka kama wa wengine. Nilipomlalamikia alisema, “Nikikuletea wewe kwanza, nitawaangaliaje watu kanisani?”

Lakini maji yalikuwa yakipungua. Na yalipungua wakati kila kitu kingine kilikuwa kinatubana. Mbolea ilipanda, mbegu ikapanda, na wanunuzi wa viazi walikuwa wanajaza gunia mpaka linaota nundu, kisha wanasema ni gunia moja. Wanasiasa walikuja, kila mmoja na fulana ya rangi yake, wakasema maneno yale yale na kuondoka na vumbi lile lile. Tuliwapigia kura wa rangi hii, tukawapigia wa rangi ile. Gunia liliendelea kuota nundu.

Kwenye mkutano mmoja mzee mmoja alisimama akauliza kwa nini mfereji wake una buibui badala ya maji. Mhandisi akajibu kwa Kiingereza kirefu. Baba yako akaombwa atafsiri. Alikuwa amechoka, alikuwa hajala tangu asubuhi, nami nilimwona akisugua uso. Akasema kwa Kimeru, “Haya ni mambo ya wataalamu. Hata mkielezwa hamtaelewa.”

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Watu walivaa kofia zao wakaondoka mmoja mmoja, na yule mzee akakunja kiti chake polepole kama mtu anayetoka matangani.

Ndipo akaja yule tuliyemwita Bila Viatu.

Ilikuwa siku ya soko. Nilikuwa nimekaa nyuma ya viazi vyangu, mgongo unauma, nikasikia watu wanakimbilia upande wa stendi. Alikuwa amesimama juu ya kiti cha hoteli, mtu mnene mwenye sauti laini, na viatu vyake vilikuwa chini, vimepangwa vizuri kando ya kiti. Gari lake kubwa lilikuwa nyuma ya posho mili, pale tunaposaga unga. Nililiona. Usifikiri hatukuliona. Alishuka kwenye kiti, akatembea peku kwenye matope na maganda ya kabichi, akaja moja kwa moja mpaka mbele yangu. Akachuchumaa.

“Mama, jana ulilala saa ngapi?”

Nikamwambia nililala usiku sana kwa sababu nilikuwa napanga viazi.

“Na uliamka?”

“Kabla ya jogoo.”

“Nani amewahi kukuuliza?”

Kendi, nilitafuta mtu aliyewahi kuniuliza swali lile, nikatafuta nyumbani, kanisani, kwenye mradi, kwa hao wote wa fulana, na sikumpata. Machozi yalinitoka mbele ya soko zima, na sikuona haya. Akainuka akawageukia watu. “Huyu mama halali ili nchi ipate kula,” akasema, “na kuna watu wamekaa ofisini wanasema hata akielezwa hataelewa!”

Sauti iliyotoka pale sijui nikuelezeje. Haikutoka kooni. Ilitoka chini ya miguu, ikapanda. Mtu alianzisha wimbo, nadhani alikuwa Shangazi yako Nkatha, na nikajikuta nimeacha viazi vyangu bila mtu wa kuvilinda, nimeshika leso juu, nacheza. Nilikuwa mwanamke wa makamo mwenye goti bovu, na goti halikuuma. Sikuwa Mama Kendi tena. Nilikuwa wengi. Nimeokoka, nimeolewa, nimekuzaa wewe, na nakuambia kwamba ni mara chache maishani nimehisi kitu kikubwa kama kile. Niliporudi, hakuna kiazi hata kimoja kilichoguswa.

Jioni baba yako alinikuta jikoni.

“Nimesikia ulicheza, Mama Kendi.”

“Nilicheza.”

“Alisema nini cha kukufanya ucheze?”

“Aliniuliza nililala saa ngapi.”

Alikaa kwenye kigoda akaangalia moto. Nilingoja anikaripie. Akasema, “Mimi sijawahi kukuuliza hilo.” Akainuka akaenda nje, nami nikabaki na mwiko mkononi.

Kuanzia hapo sauti ya Bila Viatu ilikuwa katika kila simu. Mtu alirekodi, akatuma kwenye kikundi, nacho kikundi kikatuma kwa kingine. Ukichuma mboga ulimsikia kwa jirani. Alikuwa na jibu moja kwa kila swali: maji yapo, wao wameyafunga. Ulipouliza wao ni nani, jibu lilikuwa limeshajulikana. Ukileta swali la pili, watu walikutazama kama umewaharibia wimbo. Na nakubali, sikuwa na hamu ya swali la pili. Maisha yalikuwa magumu kwa namna ambayo hakuna aliyetueleza, na mtu alikuwa ameyafanya yaeleweke.

Kamati mpya ilipochaguliwa, watu wa Bila Viatu walishinda kila nafasi. Baba yako aliwakabidhi funguo, akawapa mkono kila mmoja, akarudi nyumbani akapalilia viazi. Niliwachagua, Kendi. Nilinyoosha mkono akiniona.

Walitimiza ahadi kesho yake. Walifungua koki zote, juu na chini, bila zamu. Siku ile, maji yalitoka kila mahali kwa wakati mmoja. Ulisimama barabarani ukasikia bonde zima linamwagika. Watoto walioga nguo zikiwa mwilini. Yule mzee wa mfereji wenye buibui aliweka kiti mbele ya mfereji wake akautazama tu, hakingi, hachoti, anautazama. Nilimwambia baba yako, “Unaona?” Akajibu, “Naona.”

Yaliendelea hivyo kwa siku chache. Kisha mifereji ya huku chini ikaanza kukohoa, na ya juu ikafuata. Tangi lilikuwa tupu. Viazi vilikuwa vimeanza kutoa maua, wakati vinapohitaji maji kuliko wakati wowote.

Tuliitwa mkutano. Bila Viatu alikuja, akavua viatu kama kawaida. Sauti yake ilikuwa laini vile vile. Akasema maji yapo, ila yanaibwa usiku. Akasema kuna wageni kati yetu, watu waliokuja kukodi mashamba, hawakuchimba mtaro huu, na wamejiunganishia kwa siri. Hakutaja jina. Hakuhitaji. Huku chini mgeni alikuwa mmoja, Mama Njeru, mjane kutoka Embu, aliyekodi shamba lililopakana na letu. Tulikuwa tukiimba pamoja kwaya. Alikuwa na lafudhi ya kwao ambayo tuliipenda, tukimtania nayo.

Na hapa ndipo nataka unisikilize. Nilijua hajaiba. Ndoo zake nilikuwa naziona kila asubuhi, tupu kama zangu. Lakini sauti ile ilipoanza tena kupanda kutoka chini ya miguu, na Nkatha akaanza wimbo, mwili wangu uliijua. Wimbo ulikuwa ule ule. Furaha ilikuwa ile ile, ya sokoni. Nilikuwa nimedhani kwamba kitu kizuri namna ile kinaweza tu kuelekea pazuri. Miguu ilienda nikiwa ndani yake.

Tulifika shambani kwa Mama Njeru na majembe. Alikuwa amesimama mlangoni na mwanawe. Hakuna aliyemgusa. Wanaume walianza kuchimba kando ya mfereji wake wakifuata paipu, wakitafuta hiyo ya siri. Walichimba asubuhi yote, wakakatiza katikati ya viazi vyake. Wimbo uliendelea, kisha ukawa wa watu wachache, kisha zikabaki sauti za majembe. Paipu ilikuwa moja, ile tuliyoijua. Mwishowe kijana mmoja akaikata ili aone ndani. Lilitoka vumbi kidogo na mdudu.

Watu walikaa kwenye ukingo wa mtaro. Mama Njeru akaja mpaka pale, akauliza, si kwa hasira, “Mnatafuta nini?”

Kijana akasema, “Maji.”

“Mimi pia,” akasema Mama Njeru.

Nimeona mlima ukitoka kwenye mawingu asubuhi mpaka mtu unashindwa kupumua. Kimya kile kilikuwa hivyo. Wote tulijiona kwa wakati mmoja, na hapakuwa na pa kujificha kwa sababu tulikuwa kwenye shamba wazi. Nkatha ndiye aliyetangulia kushuka mtaroni. Akaanza kufukia kwa mikono, kwa sababu hakutaka kushika jembe. Tukashuka sote. Tulifukia, tukainua viazi vilivyolala ambavyo vingeweza kuinuliwa. Hakuna aliyesema samahani. Sijui kwa nini. Neno lilikuwa dogo, labda, au sisi.

Kisha yule mzee wa mfereji wa buibui akasema, “Mwiteni katibu.” Alimaanisha baba yako.

Baba yako alikuja na gambuti zake miguuni. Walimuuliza maji yako wapi. Nilimwona akitaka kuanza kueleza, akaacha. Akasema, “Twendeni mkaone.” Tukapanda, umati wote, wazee wakishikwa mikono, mpaka msituni pale tunapoyachukua maji ya mto. Wengi wetu hatukuwa tumefika pale tangu siku za kuchimba. Tuliuacha mto ukinguruma, mtu akiongea hasikiki. Sasa ulikuwa unapita kati ya mawe kama mtu anayenyata. Mzee akavua kofia.

“Ulijua?” akamuuliza baba yako.

“Nilijua. Umepungua kila mwaka. Niliogopa mkijua mtavunjika moyo.”

“Ungetuleta tukaona,” mzee akasema. “Macho tunayo.”

Baba yako alisema ndiyo. Alisema ndiyo tu. Dakika ile watu ambao hawangeelewa walikuwa tayari wameelewa, wanabishana juu ya miti iliyokatwa, na zamu, na nani amwagilie lini. Nilisimama pale nikawatazama. Walikuwa watu wale wale. Wale waliocheza sokoni na wale waliochimba shamba la mjane na hawa waliokuwa sasa wanapimana zamu za maji kwa upole, walikuwa watu wale wale, na mimi nikiwa mmoja wao. Mpaka leo sijamaliza kustaajabu.

Hawakumrudisha baba yako. Naona umeshaanza kufikiri hivyo, lakini hawakumrudisha, na yeye hakuomba. Walimchagua Nkatha, ndiyo, huyo huyo anayekulisha sasa hivi. Mikutano imerudi uwanja wa kanisa, ni mirefu, ni ya kuchosha, kuna mwanamume ambaye husema jambo moja kila mara na hakuna anayemzuia. Maji bado ni machache. Yanakuja kwa zamu, na zikibadilika tunaambiwa ni kwa nini. Bila Viatu aligombea kiti kikubwa zaidi, akakipata. Kwa kura za hapa pia. Ukiniuliza nilimpigia nani, nitakuambia ukweli: nilisimama na karatasi ile kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, kwa sababu katika hao wote waliokuwemo, yeye peke yake aliwahi kuchuchumaa mbele yangu. Sikumpigia. Lakini mkono ulisita, na wa wengi niwapendao haukusita, nao si wajinga.

Kwa hiyo ukiwaona tena kwenye simu, hao wa nchi tajiri, usicheke haraka. Sijui shida zao. Lakini mtu hatoki kwake kwenda kulia uwanjani kwa ajili ya mgeni kama kuna mahali pengine alipokuwa akisikika. Na yule mgeni huwa hadanganyi mwanzoni. Mwanzoni anauliza swali la kweli. Nililipenda swali lake, na bado nalipenda. Ninachojilaumu ni kwamba nilimwachia yeye pia jibu.

Kesho utakaa upande ule wa meza aliokaa baba yako. Siwezi kukufundisha kazi yenu. Najua tu kwamba utachoka, na siku moja kutakuwa na mtu mbele yako, na foleni ndefu nyuma yake, na maelezo yatakuwa marefu.

Limebaki jambo moja. Mama Njeru hakukaa. Alivuna alichoweza kuvuna akarudi kwao, na siku alipopakia vitu vyake nilikuwa shambani nikajifanya sijaliona gari. Nkatha amenipatia nambari yake. Anauza ndizi za kutoka Mitunguu kwenye soko la Embu, si mbali na ofisi yako, ninavyoambiwa. Sikutumi kwake. Usiende kumsalimia kwa niaba yangu. Nitakuja mwenyewe mwisho wa mwezi kuona unapolala, halafu utanisindikiza mpaka sokoni na kuniacha naye.

Sijui nitaanza na neno gani. Nadhani nitamwomba aniambie ilikuwaje siku ile kwa upande wake, alipokuwa amesimama mlangoni na mtoto, akitusikia tukija tunaimba. Na akianza kuniambia, nitakaa chini mpaka amalize.

Ni mimi,
Mama yako